Mama Pumzi na Mti Wenye Kiota

Jumanne, tarehe 10 Februari 2009, manyunyu yalianza alfajiri na hayakukatika hadi saa tisa alasiri. Umeme uliporudi hospitalini, marehemu dada yetu mpendwa alimwambia mwenzake wa zamu, "Hebu nibonyezee, tuone kama mashine imeamka vizuri." Akasimama mwenyewe mbele ya mashine ya eksirei, kidevu juu. Filamu aliisafisha peke yake kwenye chumba cha giza. Aliyoyaona hakumwambia mtu.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Septemba 1951, kifungua mimba wa karani wa posta na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, na sekondari hadi 1969. Ripoti zake tunazo. Hesabu na sanaa alikuwa wa kwanza, kwenye nidhamu mwalimu aliandika, "Anachora mifupa ya walimu."

Baada ya mafunzo aliajiriwa tarehe 3 Januari 1973 kupiga picha za eksirei, chumba namba nne. Kutwa alikuwa akisema: "Vuta pumzi. Zuia. Haya, pumua." Ndiyo maana watoto wa mtaani walimwita Mama Pumzi. Wakimwona humkimbilia: "Mama Pumzi, tuvute?" Naye: "Vuteni! Zuieni!" Kisha anaondoka zake bila kuwaruhusu kupumua, nao wanamfuata mashavu yamevimba.

Juu ya filamu zilizoharibika alichora kwa wino, na chini ya kila mchoro akaandika hadithi ya mstari mmoja. Alisoma sana maktaba. Alituambia kwamba eksirei ilipokuja, wachoraji nao walichoka kuchora ngozi, wakauvunja uso waone pande zake zote. Waandishi wakaacha kueleza nguo za mtu, wakaingia kichwani mwake. "Ni chumba kimoja, milango mitatu," alisema. "Wote walitaka kuona ndani." Mumewe akamjibu, "Na ndani ya sufuria umeona? Kunaungua."

Mume huyo, fundi seremala, alifunga naye ndoa tarehe 16 Aprili 1977. Walijaliwa binti mmoja. Kila mchoro wa mkewe, fundi aliutengenezea fremu.

Februari ile ya 2009 alileta mchoro mwingine, safari hii kwenye karatasi: mti usio na majani, matawi membamba, na kiota kimoja upande wa kulia. Chini yake: "Ndege huyu sikumwalika." Tulicheka. Fundi akautilia fremu nzuri kuliko zote, ukatundikwa sebuleni. Wageni walikisifia kiota.

Binti yake wakati huo alikuwa na mimba ya kwanza. Mjukuu alizaliwa salama tarehe 28 Juni. Tarehe 6 Julai marehemu alikwenda kwa daktari, na ikajulikana kwamba ni saratani ya mapafu. Daktari alimuuliza kwa nini amekawia. Akajibu, "Nilikuwa na mgeni njiani." Aliugua miezi minane. Alhamisi, tarehe 18 Machi 2010, saa kumi na moja na nusu alfajiri, alitutoka.

Juzi, tukitafuta vyeti vyake, tulikuta filamu ile ya kifua chake, ya tarehe 10 Februari, ndani ya bahasha ya kaki. Fundi aliiweka juu ya mchoro, haikulingana, mpaka alipoigeuza juu chini. Kila tawi likakaa mahali pake kwenye mapafu. Kiota pia.

"Mwaka mzima," alisema, "nimekuwa nikikipangusa vumbi."

Binti yake akasema, "Mama si angeniambia tu."

Marehemu ameacha mume, binti, mkwe, mjukuu mmoja, na mimi mdogo wake. Mwenyezi Mungu ampe pumziko lisilo na maumivu.

Mwenzake wa zamu, ambaye tuko naye hapa, ametusimulia asubuhi iliyofuata siku ile ya manyunyu. Mvua ilikuwa imekatika. Dada alifika saa moja na nusu kama kawaida, akaifuta mashine, akafungua mlango. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee aliyetetemeka. Akamshika mabega, akamsimamisha pale pale aliposimama yeye jana yake.

"Vuta pumzi, baba. Zuia. Usiogope, niko hapa. Haya, pumua."