Evert Nijkamp Atua Tandiko

Ijumaa tarehe 29 Novemba, Evert Nijkamp anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kupanda farasi wa kuruka viunzi hapa kwenye zizi la Te Winkel, Ruurlo, mashariki mwa Uholanzi. Alikuja kijana wa miaka kumi na tisa mwenye masikio makubwa. Anaondoka na masikio yaleyale, nyonga moja ya chuma, na mtulinga uliovunjika mara nyingi hadi daktari ameacha kumwonea huruma. Nimeambiwa niandike mimi, Drika wa jikoni, kwa sababu nilikuwepo. Wenye shule wote wa zizi hili wamekuja juzi.

Watu wanadhani mpanda farasi ana farasi. Evert hakuwa naye. Kazi yake ilikuwa kupokea farasi wa miaka minne asiyejua mbele wala nyuma, anayeogopa mwavuli na mfuko wa plastiki, akamlea taratibu, mvua na theluji, hadi farasi yule aruke viunzi vinavyonipita kimo. Akishafika hapo, anauzwa. Ndivyo zizi hili linavyokula, na mimi ndimo nilimokula pia, kwa hiyo silalamiki sana. Mzee Te Winkel, Mungu amrehemu, alimwambia siku ya kwanza, "Kijana, usiwape majina ya nyumbani. Hawatakaa." Evert akaitikia vizuri kabisa, akaenda bandani akawapa wote majina ya nyumbani.

Farasi wa huku hauzwi kwa maneno, anauzwa kwa viganja. Mnunuzi anataja bei na kumpiga muuzaji kiganjani, muuzaji anataja yake na kupiga, pa, pa, mpaka mikono inapong'ang'aniana. Hapo imekwisha. Karatasi zinafuata baadaye na hazibadilishi kitu. Wawili wakiwa wanapigana viganja, wa tatu hafungui mdomo. Lakini anayeutoa mkono wake na kuondoka pale, ameacha, na mwingine anaweza kuingia. Haya hayajaandikwa mahali popote, na sijamwona mtu wa huku akiyavunja.

Mwaka hadi mwaka Evert amesimama pembeni ameshika kamba ya farasi, akivisikiliza viganja hivyo.

Farasi wake mkubwa alikuwa Wodan, dume jekundu, ambaye alimpa ubingwa wa taifa. Wakachaguliwa timu ya taifa waende kwenye michezo mikubwa. Koti la timu lilikuwa limeshashonwa, nikalitundika jikoni kwangu lisije likanuka farasi. Wiki chache kabla ya safari, pa, pa, pa, Wodan akauzwa Amerika. Michezo ilipofika, tuliitazama kwenye televisheni ya kantini, Wodan akiwa na mtu mwingine mgongoni. Evert alikaa kwenye kiti cha mbao, na kila Wodan alipokaribia kiunzi, nilimwona Evert akikibana kiti kwa magoti. Walipomaliza bila kuangusha hata ufito mmoja, alipiga makofi, akaenda kusafisha mabanda ambayo mimi nilikuwa nimeshayasafisha. Siku hiyo hakugusa supu yangu ya njegere, na supu yangu huachwa na wagonjwa tu.

Nilimwambia, "Evert, ondoka hapa. Nenda kwa watu watakaokuachia farasi."

"Bibi Drika," alisema, "huko nako wanauza."

Basi akabaki. Wakaja wengine, wakaenda wengine. Ameshinda mashindano ya mkoa hadi rafu ya vikombe kantini imepinda katikati. Ameanguka pia. Huko Zwolle alitupwa ndani ya dimbwi la maji mbele ya kamera, akatoka na kofia imejaa, akaimwaga kwa adabu, akawavulia majaji kofia tupu na kutoka uwanjani kwa miguu. Majaji walicheka kuliko walivyopaswa. Amewafundisha nusu ya wapanda farasi wa wilaya hii, na sijamwona akimpiga farasi wala kumsikia akimtukana mwanafunzi. Wanafunzi nimewatukana mimi, palipohitajika.

Halafu akaja Fenna.

Fenna alifika akiwa na miaka minne, farasi jike wa kijivu, miguu ya mbele imepinda kidogo, na meno hayatulii. Wateja walikuja kumtazama, akawang'ata. Wakaja wengine, akawang'ata hao pia. Wapo wanaosema Evert ndiye aliyemfundisha. Mimi hilo sikuliona. Niliona tu kwamba siku za wateja alikuwa akipewa karoti nyingi zaidi. Kwa namna hiyo Fenna akakaa miaka kumi na minne, na hakuna farasi mwingine aliyekaa na Evert muda huo. Ubingwa hawakuupata. Waliingia fainali, wakatoka bila makosa, wakashika nafasi ya nne, ya tano, ya nne tena. Septemba hii, katika mashindano yao ya mwisho, Evert alimvua Fenna tandiko katikati ya uwanja, kama desturi ilivyo farasi anapostaafu, wakatoka bega kwa bega, wote wawili wakichechemea mguu wa kushoto. Watu walisimama. Mimi nililia, na anayesema nilikuwa na mafua aseme.

Evert alikuwa ameomba jambo moja tu: Fenna aende naye kwenye kipande chake cha malisho nyuma ya nyumba. Marloes, binti wa mzee Te Winkel anayeshika zizi sasa, alimwambia wataona. Marloes si mtu mbaya. Ana paa la ukumbi wa mazoezi linalovuja, na benki haimpigii simu kumsalimia.

Oktoba akaja mnunuzi kutoka upande wa mpakani. Ndugu wa Fenna wa tumbo moja wamepata sifa, kwa hiyo sasa damu yake ina bei. Alitaka kumpeleka maabara, akatolewe mayai ya uzazi mwezi baada ya mwezi mpaka yaishe. Viganja vikaanza pale uani, vyake na vya Marloes. Evert ameshika kamba kama kawaida, uso umesawijika kabisa. Bei ilipanda. Walikuwa wamebakiza pigo moja au mawili, simu ya mnunuzi ikalia. Akautoa mkono, akaenda nayo hadi getini, ametupa mgongo.

Evert akanyoosha kiganja chake.

"Evert, usinifanyie hivi," Marloes alisema.

"Mkono wake umeondoka. Wangu huu hapa."

"Una nini wewe cha kununulia farasi?"

"Kiinua mgongo changu. Chote. Na zawadi msininunulie."

"Hakifiki hata nusu!"

"Najua. Mkono unachoka, Marloes."

Yule binti akatazama getini, akanitazama mimi. Nikamwambia, "Usinitazame mimi, mambo ya bei siyajui. Baba yako ndiye niliyemjua."

"Bibi Drika, paa linavuja."

"Lilivuja tangu ukiwa tumboni."

Akafumba macho, akampiga Evert kiganjani kwa nguvu kama anamzaba kibao, na mikono ikashikana. Mnunuzi akarudi anatia simu mfukoni, kanyoosha mkono wake. "Tulifika wapi?"

"Wewe ulifika getini," nilimwambia.

Akaona mikono ile. "Lakini nilikuwa naongea na mke wangu!"

"Msalimie."

Akageuka mwekundu. "Marloes, mimi natoa zaidi ya mara mbili ya huyu!"

"Mkono umeshashikwa," Marloes alisema, naye alijua anachokiacha. Mnunuzi yule naye ni mtoto wa wachuuzi wa farasi. Alitukana kidogo, akavaa kofia yake, akaenda zake. Hakubisha tena.

Ndiyo maana Ijumaa hakutakuwa na saa ya dhahabu, wala bahasha, na paa bado linavuja, kwa hiyo wageni mtakaokaa upande wa kaskazini, vaeni kofia. Marloes, mwanangu, umefanya vizuri, na ninaliandika hapa ili usije ukaambiwa vingine.

Jioni ile nilimuuliza Evert kama ana furaha. "Nimechoka, Bibi," alisema, akaendelea kumsugua Fenna shingo. Sikumuuliza tena. Mtu aliyelea farasi wa watu miaka thelathini na minane, akapata mmoja, mzee, mwenye meno, kwa malipo ya jasho lake lote, ana haki ya kuchoka kabla ya kufurahi.

Evert, zizi zima linakushukuru, waliopo na waliokwenda, wenye miguu miwili na wenye minne. Lala mpaka kupambazuke. Usimpande Fenna, hamna nyonga nzima kati yenu. Tunakuombea siku ndefu zenye nyasi na mgongo usiouma. Na siku lori la farasi likipunguza mwendo mbele ya nyumba yako, usiinuke kwenye kiti, mwanangu. Linapita tu.