Hyasinta Werema na Mashamba ya Waliokwenda Kutibiwa

Mama yetu Hyasinta Werema alizaliwa Mugango tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa tatu wa mvuvi Mzee Werema na Mama Mbuke. Alisoma Mugango na Musoma, akasomea uuguzi, na mwaka 1979 akahitimu saikolojia ya afya ng'ambo. Kazi gani hiyo, nyumbani hakuna aliyejua. Baba yake aliwaambia watu, "Binti yangu anatibuga kwa maneno tu."

Mwaka 1980 alianza kuwahudumia wagonjwa wa saratani Musoma. Sukari na sabuni zilikuwa adimu, mabasi hayakuwa na dizeli, na mgonjwa aliyepelekwa Dar es Salaam kupigwa mionzi, ndugu walimhesabu amekwisha kufa. Mama hakukubali. Aliwaapisha walime na kupanda shamba la mgonjwa, ili awe na cha kurudia, kisha yeye akamwandikia mgonjwa barua kumweleza mtama wake umefikia wapi.

Mwaka 1984 jua lilikausha shamba la mgonjwa mmoja, Nyamburi wa Bukima. Kwa huruma, Mama akaandika kwamba limestawi. Nyamburi aliporudi akayakuta mabua matupu, akamfuata ofisini. "Na huu ugonjwa unaousemaga umepungua, unanidanganya hivi hivi?" Mama hakula siku mbili. Tangu hapo hakumficha mgonjwa lolote.

Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Bwana Thadeo Magige wa Nyamuswa, Bunda, aliyemposa mara tatu bila kuona haya. Walijenga Butiama.

Agosti mwaka jana saratani ya titi ilimpata Mama mwenyewe, akaenda Dar es Salaam. Bwana Thadeo alipanda mtama katika shamba la Mama, ng'ombe wakaumaliza wote. Alitamani mno kuandika kwamba umestawi. Akaandika: "Mama Gati, ng'ombe wamekula mtama wako. Nimepanda mihogo. Nakukumbuka sana."

Jibu lilikuja: "Asante, Baba Gati. Basi na hilo la kunikumbuka ni kweli."

Alirudi Januari, na kila asubuhi walikwenda pamoja kuitazama mihogo. Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1996. Ugali wa leo hapa msibani umetoka shamba hilo.

Ameacha mume, watoto watatu, Gati, Isidori na Benedikta, na wajukuu saba. Shamba lake limekwisha kulimwa tena. Bwana Thadeo alilima peke yake juzi, na hataki kuulizwa anamlimia nani.

Mungu ampumzishe Mama yetu kwa amani.