Jembe la Siku ya Tatu

Kijiwe cha kahawa cha Bi Mwanaidi kiko Same mjini, pale njia ya kupandia Vudee mlimani inapoachana na lami. Ni benchi moja tu la mninga, mguu mmoja umeshikizwa kwa tofali, na anayekaa upande wa tofali ndiye mwenyekiti. Mwenyekiti wa siku zote ni Mzee Mbaraka, aliyeuza vitambaa mpaka akachoka mwenyewe, na wenzake humwita Spika kwa sababu akiwepo hakuna anayemaliza sentensi. Jioni hiyo Spika alikuwa amevimba kwa fahari. Victoria, binti wa Kireno aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu sekondari, alikuwa anarudi kwao kesho yake baada ya miaka miwili, na muda wote huo alikuwa akiishi nyumbani kwa Spika. Hotuba ya kumuaga amepewa nani? Spika. Hakuwa amepata hata neno la kuanzia, ila hilo hakumwambia mtu.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! alianza, akipuliza kahawa. Nani hapa Same aliifuata hiyo methali kama ilivyo? Mimi! Siku ya tatu nikamkabidhi jembe langu mwenyewe. Mfupi yule, mpini ukamshinda, nikachukua msumeno nikaukata. Jumamosi hiyohiyo akaenda msaragambo.

Na msaragambo haubagui. Kila nyumba yenye shamba chini ya ndiva, lile bwawa la wazee linalokusanya maji ya mlimani, hutoa mtu mmoja wa kuzoa tope na kuziba kuta. Kwa nyumba ya Spika, mtu huyo alikuwa Victoria.

— Mvua yumo, jua yumo, ana mafua yumo, Spika akaendelea. Watu wakimwona wanasema, "Huyo wa kwa Mbaraka." Wa kwa Mbaraka! Mnasikia?

— Tunasikia tangu mwaka juzi, akasema Yunus, dereva wa bodaboda waliyembatiza Honi. Swali ni tunampa nini. Mie nasema mbuzi.

— Mbuzi kwenye ndege? Huyo alikuwa Zephania, fundi redio, jina la kijiweni VAR, maana hakuna dai linalopita bila yeye kulikagua. Atakaa kiti cha dirishani?

— Anakaushwa, bwana! Mbona samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanasafiri?

— Wareno wana samaki wao. Mpe tangawizi ya mlimani, gunia zima.

— Gunia? akadakia Spika. Mbwa wa ukaguzi atapiga chafya mpaka astaafu!

— Basi asiende kabisa, akasema Honi. Tumwoze binamu yangu Abubakari.

— Abubakari anayeamka saa nne? Binti kazoea watu wa kazi yule.

— Basi agombee udiwani!

— Mreno?

— Kazoa tope letu miaka miwili. Niletee mgombea mwingine mwenye hiyo rekodi!

Spika akainua kikombe.

— Tulieni. Kesho nitasimama mbele ya watu, niseme, "Victoria, wewe ni kikulacho ki nguoni mwetu!"

VAR akachora mraba hewani kwa vidole viwili.

— Turudie tukio. Spika, hiyo ni methali ya chawa.

— Maana yake yuko karibu na mwili!

— Hata chawa yuko karibu.

Benchi zima likacheka, Spika naye akacheka. Wanawe wako Dar, sauti zao huzisikia Idi kwa Idi. Huyu ambaye hakumzaa ndiye aliyelipandisha jina lake mlimani, na kesho anaondoka. Uchungu ulimjaa kifuani, na fahari ilikuwa imekaa papo hapo.

Bodaboda ikasimama. Akashuka Mama Beatha na kikapu cha ndizi, yule anayesimamia zamu za maji ya ndiva.

— Shikamoo, Mzee Mbaraka.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, tunapanga makubwa hapa.

— Sikai, giza lisinikute njiani. Nauliza tu. Jumamosi kuna msaragambo, na Victoria atakuwa keshaondoka. Kwa nyumba yako anakuja nani?

Honi akaanza kuikagua helmeti yake. VAR hakutaka marudio. Mke wa Spika magoti hayamruhusu. Na Spika mwenyewe, tangu Victoria aje, hakuwahi kukanyaga kwenye ndiva hata kwa kutembea.

Bi Mwanaidi akainamisha birika, likatoa tone moja.

— Kahawa imekwisha, akasema. Na majibu naona yamekwisha.

Hapo Victoria akatokea upande wa soko. Alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kuaga, na kila nyumba ilikuwa imemvisha kanga, mabega yametuna kama ya bibi harusi. Juu ya kanga zote alikuwa amebeba jembe.

— Shikamooni. Baba, nakurudishia jembe lako.

Bamba lilikuwa limesuguliwa likang'aa. Mpini ulikuwa mpya, mrefu, bado mweupe.

— Mpini gani huu, mwanangu?

— Ule ulikuwa wa kimo changu. Huu nimemwambia fundi auchonge kwa kimo chako. Jumamosi usije ukainama sana, mgongo utauma.

Alisema hivyo bila kuuliza kama ataenda. Haikumpitia hata akilini kwamba Baba angeweza kukosa.

— Na ule mfupi? akauliza VAR, kwa upole usio wake.

— Uko kwenye begi. Umeshauzoea mkono wangu. Ndiyo zawadi ninayoitaka, kama Baba ataniruhusu.

Spika akasimama, benchi likayumba, Honi nusura aanguke. Akausimamisha mpini kando yake, ukamfaa barabara.

— Chukua, mwanangu, akasema, na machozi hakuyaficha. Kisha akamgeukia Mama Beatha.

— Kwa Mbaraka anakuja Mbaraka.

— Saa kumi na mbili asubuhi, mzee. Usichelewe.

— Sasa na hotuba ya kesho? akauliza Honi.

— Nimeshaitoa.

Akatupa jembe begani, akamshika Victoria mkono, wakaelekea nyumbani kula makande ya mwisho pamoja. Upande wa tofali ukabaki wazi, na hakuna aliyeukalia.