Eteri Lomsianidze, Aliyepiga Filamu Pande Zote Mbili za Barabara

Eteri Lomsianidze alizaliwa hapa kijijini Sviri, Georgia, tarehe 14 Machi 1957, kifungua mimba wa mwalimu Severian na mama Tsiala. Mimi ninayewasomea wasifu huu ni mdogo wake, Otari. Sinema ilipoletwa kijijini, watoto wote tulitazama mbele; yeye aligeuka kuwatazama watu. Bibi alimfokea, "Geuka wewe mtoto, sinema iko huko!" Naye akajibu, "Hata wewe unalia, Bibi. Nakuangalia wewe."

Alisoma shule ya hapa, kisha mjini Kutaisi. Chuo cha filamu cha Tbilisi kilimkataa mara ya kwanza. Akafanya kazi katika kiwanda cha hariri, akaomba tena mwaka uliofuata na kupokelewa. Alihitimu mwaka 1981.

Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Guram Tsertsvadze, mpiga picha, mzaliwa wa Sukhumi. Walifahamiana wakigombania taa moja ya studio, na waliendelea kuigombania hata baada ya harusi. Mwaka 1985 walijaliwa binti, Natela.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1991, Eteri alipiga filamu za foleni za wapiga kura, wazee wakiwa wamevaa suti za harusi zao. Kabla mwaka haujaisha, Wageorgia walikuwa wakipigana risasi katikati ya Tbilisi, wengine wakimtetea rais waliyemchagua, wengine wakitaka aondoke. Yeye na Guram walivuka barabara huku na huku, wakipiga picha pande zote. Mpiganaji mmoja kijana alimsimamisha, bunduki kifuani.

"Dada, wewe uko upande gani?"

"Upande wenye mwanga. Na wewe umenizibia, hebu sogea."

Yule kijana alisogea.

Rais alipokimbia, washindi walikuja kudai mikanda yake ya filamu. Baadaye walioshindwa nao walikuja. Wote walitaka jambo moja: kujua nani wa kulipiziwa kisasi. "Tuonyeshe nyuso tu, hatutaki kingine," walimwambia. Eteri akawajibu, "Nyuso si zangu niwape."

Alileta mikanda hapa. Tuliifunga vizuri, tukaishusha ndani ya mtungi mtupu wa mvinyo uliofukiwa uani, tukaufunika kwa udongo. Baba alituuliza, "Mwaka huu mmevuna nini tena?"

"Kichungu, Baba," Eteri akasema. "Kikae kwanza."

Septemba 1993, vita vya waliotaka kujitenga vikiwa vimepamba moto Sukhumi, Guram alikwenda kumtoa mama yake, Agrafena. Mji ulianguka tarehe 27. Mama huyo alifika kwa miguu, akipitia milima ya Svaneti, na mchadi mmoja mkavu, mkate wa mahindi, mfukoni. Guram hakufika. Wawili hao, mama mkwe na mkaza mwana, waliishi nyumba moja mpaka Agrafena alipofariki, na kila gari liliposimama nje, wote wawili walitazama mlango.

Hasira zilipopoa, Eteri aliifukua mikanda. Aliwatafuta walioonekana humo, nyumba hadi nyumba, akiomba ridhaa yao. Waliokataa aliwaondoa. Filamu yake, "Barabara Moja", ilionyeshwa Tbilisi Mei 2003. Ukumbini walikuwemo Murtaz, aliyekuwa mlinzi wa rais, na Revaz wa upande wa pili. Katika filamu, Revaz anafyatua risasi dirishani. Murtaz anamlilia mwenzake aliyeanguka ng'ambo ya barabara hiyohiyo. Taa zilipowashwa, Murtaz alilalamika, "Mama Eteri, umenionyesha nikilia kama mtoto. Wanangu watanicheka."

Revaz alizungumza kutoka viti vya nyuma. "Wako watacheka. Wangu, Eteri alipotuonyesha nyumbani, waliniuliza nilikuwa nampiga nani."

Murtaz akageuka. "Ukawaambiaje?"

"Sijawaambia. Nimekuja unitajie jina lake."

Murtaz alikaa, akainuka, akakaa tena. Mwishowe akasema, "Gocha. Mama yake yu hai. Ukitaka, twende."

Walikwenda, na Eteri pamoja nao. Kamera aliiacha nyumbani. Nilipomuuliza kilichosemwa mbele ya mama yule, alinijibu, "Otari, yale ni ya wenyewe."

Aliendelea na kazi na kufundisha vijana, akiwakaripia na kuwapikia maharage, hadi vuli ya 2018 alipogundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa mwaka mmoja bila kulalamika, isipokuwa kuhusu supu ya hospitali. Siku ya mwisho Natela, ambaye naye ni mtengeneza filamu, aliinua kamera kitandani pake. Mama yake alimwambia, "Weka chini, mwanangu. Nishike mkono." Alifariki nyumbani kwake Tbilisi tarehe 9 Oktoba 2019, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye.

Marehemu ameacha binti, Natela, mkwe, Badri, mjukuu, Guram mdogo, na mimi, ndugu yake. Mumewe hatujui alipolala, kwa hiyo jiwe hili la kaburi tumelichonga majina mawili.

Pumzika kwa amani, dada. Huna tena wa kumsubiri.