Mama Utsav Atoka Nyuma ya Meza

Wasikilizaji wapendwa, mlioko madukani na mlioko majumbani, karibuni mkae nasi kidogo. Leo tunamkumbuka Sudha Shashikant, muuza vitenge wa Mchafukoge. Kariakoo nzima ilimwita Mama Utsav, kwa jina la mwanawe. Alifariki Alhamisi iliyopita, kwa ugonjwa wa moyo.

Mama Utsav alirudi chuo akiwa tayari na wajukuu. Alisomea shahada ya uzamili ya masomo ya kanda. Yaani historia, uchumi, siasa na lugha za nchi jirani, vyote katika kapu moja. Majirani walimtania: mjukuu chekechea, bibi chuo kikuu. Naye alicheka nao, kisha akaenda zake darasani.

Utafiti wake ulihusu wanawake wanaotoka Lubumbashi, Kongo, kuja Kariakoo kununua vitenge. Aliwajua, maana walikuwa wateja wake. Akawahoji palepale dukani: wanauzaje huko kwao, wanapata faida gani. Wote walimjibu vizuri, na wote walilia hali ngumu.

Kazi ilipokaribia kwisha, mwalimu wake, Dokta Elimringi, aliisoma akatabasamu. Akamuuliza, "Mama, hawa walikuwa wanakujibu, au mlikuwa mnapatana bei?"

Jamani! Nani Kariakoo atamwambia muuzaji kwamba biashara inamlipa? Si kesho atapandishiwa bei! Mama Utsav, na uzoefu wake wote wa dukani, hilo lilikuwa limempita.

Mwalimu alimwambia angeweza kuutaja upungufu huo katika maelezo yake, akahitimu. Daktari naye alikuwa amemkanya asijichoshe. Mumewe, Mzee Shashikant, alimsihi aikabidhi kazi hivyo hivyo. Mzee anakumbuka alivyojibiwa: "Kitambaa chenye tundu mimi sikitoi dukani. Na hiki kina tundu."

Akaanza upya. Upya kabisa, wasikilizaji wapendwa, na moyo wake ule mgonjwa. Alisafiri kwa barabara, akavuka mpaka wa Tunduma, akapita Zambia hadi Lubumbashi, pamoja na mteja wake Leticia. Hakuuza hata doti moja. Wenzake wa safari wakila samaki, yeye, asiyekula nyama wala samaki kwa imani yake, alikula maharage. Walipofika, akakaa na wale wanawake sokoni, kwenye kibanda cha Leticia, wakazoeana.

Leticia ametupigia simu kutoka huko, akilia. "Dukani kwake nilimdanganya," alisema. "Alipokaa kwangu ndipo nilipomwambia kwamba vitenge vyake vimenijengea nyumba."

Mama Utsav alirudi, akaandika, akaitetea kazi yake mbele ya walimu wa fani zote nne. Alifaulu. Narudia, Mama Utsav alifaulu. Mahafali ni mwezi ujao, na mumewe ndiye atakayempokelea shahada.

"Mimi nilitaka apumzike," Mzee Shashikant alituambia. "Labda tungekuwa naye bado, sijui. Lakini sijapata kumwona na furaha kama siku ile."

Mzee Shashikant, Utsav, wajukuu na ndugu wote, poleni sana. Nasi tuliomfahamu tumefiwa. Tulimpenda, na tunajivunia kuwa alikuwa wa kwetu.

Nawe mfanyabiashara unayetusikiliza, kuna mteja unayedhani unamjua. Akija leo, toka nyuma ya meza, kaa upande wake. Muulize habari zake, na usimuuzie kitu.