Chuma Chini ya Maua ya Pareto

Wewe hapo na Biblia mapajani, umewahi kuonea mtu wivu mpaka chakula ikakataa kushuka? Usiangalie jirani, nauliza wewe! Mimi nimewahi. Na Yesu akanitoa, sifa ni zake!

Ndugu zangu, mimi ni Tabitha, nyanya yenu wa hapa mtaa wa Free Area. Shule nilifika darasa la nne tu, miaka ya hamsini, kwa shamba la mzungu kule juu Molo. Baba alikuwa anakamua ng'ombe, mama anachuma pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Sisi watoto tukitoka shule, moja kwa moja kwa maua.

Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli imening'inizwa kwa mti, na mwenye kuigonga ni kiranja peke yake. Akigonga, tiiing! Watoto wote mbio kwa mstari. Mimi nilitaka hiyo chuma ya kugongea kuliko nguo mpya! Nikaenda kwa mwalimu nikajiombea. Akacheka.

"Tabitha, mdomo yako inakimbia, masikio bado iko nyuma."

Akampa Rahabu.

Rahabu, jirani yetu pale nyumba za wafanyakazi! Mtoto mpole, hata kamasi alikuwa anapangusa na leso. Kila asubuhi nikisikia tiiing, naziba masikio. Nilichukia vile anatembea. Nilichukia hata hiyo leso! Jumapili tukiimba naangalia yeye, naomba sauti yake ikauke. Ndani ya ibada, ndugu zangu!

Siku moja nikaiba ile chuma. Nikaificha ndani ya kikapu, chini ya maua niliyochuma, niitupe mtoni baadaye. Kumbe mama amekuja, amebeba kikapu, amepeleka kwa mzani! Na pareto ni nyepesi kama manyoya. Nyapara akainua, akashtuka.

"Mama Tabitha, maua yako leo imekula ugali?"

Watu wakacheka. Akamwaga. Chuma ikaanguka, kang! Kicheko ikaisha.

"Unadanganya mzani? Kesho ufunge mizigo utoke kwa hii shamba!"

Mama akashika kichwa. Rahabu alikuwa hapo kwa foleni. Aliijua chuma yake. Akaniangalia tu.

Hapo ndio Bwana alinishika! Nikapiga kelele mbele ya watu wote: "Ni mimi! Niliiba juu ya wivu! Mama hana makosa!"

Nilichapwa, sitawadanganya. Lakini mama alibaki kwa shamba. Na ile kitu ilikuwa inaninyonga hapa kwa kifua ikaachilia. Haleluya!

Sasa msidhani nilipewa ukiranja kesho yake! Muhula uliofuata nikaomba tena. Mwalimu akasema, "Wewe, mwizi wa kengele?" Darasa nzima ikavunjika mbavu. Nikaomba tena mwaka mwingine. Akakataa. Na wivu, ndugu zangu, ilikuwa inarudi kila asubuhi na hiyo tiiing, nami naomba, "Yesu, shika mtu wako!" Nikawa nafika mapema, naosha watoto wadogo matope miguuni, nawashika mkono waandike a, waandike e. Bila cheo chochote!

Halafu watu wa kina Rahabu wakahamia Longonot. Mwalimu akamwuliza mbele ya mstari, nani atashika kengele? Rahabu akatembea pole pole mpaka kwangu, chuma mkononi.

"Shika, Tabitha. Lakini usipeleke kwa mzani!"

Tukacheka mpaka tukalia, tumekumbatiana. Mwalimu akatingisha kichwa. "Haya, gonga." Niligonga mpaka mbwa za mzungu zikabweka!

Ndugu yangu, dada yangu, kama kuna jina ya mtu inakuchoma ukiisikia, mwambie Yesu hiyo jina leo. Hatashtuka. Yangu alisikia, na mimi niko hapa nacheka na meno mbili.

Wiki jana mjukuu wangu Neema alinyimwa uprifekti, ndio ukiranja wa siku hizi. Akaja akaweka kichwa hapa kwa paja, analia, anataja msichana aliyepewa. Nikamwambia hii yote. Akapangusa macho na rinda langu.

"Shosho, Jumatatu nitamsaidia kubeba vitabu. Na mwaka ujao naomba tena. Nakuahidi."