Masomo Arobaini ya Mwalimu Hujambo

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Hujambo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 katika nyumba ya nyuma ya kituo cha reli, mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi na sekondari hadi 1979, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu Novemba 1981.

Alifundisha watoto wa darasa la tatu, kazi aliyoipenda mno, mpaka Septemba 1996, chuo kikuu kilichotaka kutambulika kimataifa kilipomwazima kwa muhula mmoja awafundishe Kiswahili wanafunzi wa kigeni. Akaandaa kitabu cha masomo arobaini, kuanzia salamu hadi kusimulia hadithi, lakini wageni walikaa wiki kumi na nne, somo moja kwa wiki, wakaondoka wamefika kuuliza bei sokoni, wakaja wengine, naye akarudi kwenye "Hujambo", hata neno hilo likagoma kufutika ubaoni katika chumba namba nne.

Muhula mmoja ukawa miaka ishirini na sita. Mara tatu aliomba kwa barua arudishwe kwa watoto, na mara tatu alijibiwa kwa upole, "Mama, ukiondoka wewe, wageni atawapokea nani?" Alipofikia kustaafu mwaka 2021, akaongezewa mkataba.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1984 na fundi saa, baba yetu, wakajaliwa watoto wanne. Baba alimtania kwamba saa yake ikifika saa nane inarudi saa moja, naye akajibu, "Wewe cheka tu, mimi sijawahi kusimuliwa hadithi na mwanafunzi hata mmoja."

Tarehe 18 Oktoba 2022 alipatwa na kiharusi akiwa darasani, katikati ya somo la kwanza. Aliporudishwa nyumbani, mke wa mwanawe mdogo, aliyeishia darasa la saba, akamfungulia somo la kumi na tano, wakaendelea kila siku, mama akisahihisha kwa kidole. Jumanne, tarehe 6 Desemba, walifika la arobaini, na mkwe, kwa haya nyingi, akasimulia jinsi alivyovunja birika la mama akamsingizia paka. Mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akamrekebisha neno moja tu. Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wafanyakazi wenzake, na wanafunzi wake wa nchi za mbali, ambao salamu zao za rambirambi zote zimeanza na "Hujambo".

Mwalimu, kengele imelia, toka darasani, upumzike kwa amani.